Theluji ya Kamanda Fiacre

Katika Bunia, mji wa mashariki mwa Kongo, mwaka 2003 Hippolyte hakukosa kazi. Kila kundi lililouteka mji lilianza kwa kupora, kisha likaagiza muhuri, maana serikali bila muhuri ni genge tu, na hakuna genge lililopenda kuitwa genge. Hippolyte ndiye aliyewachongea mihuri hiyo ya mbao: simba, chui, mikuki, jua linalochomoza. Wanyama walibadilika, wezi walikuwa wale wale.

Ukutani mwa karakana yake ilining'inia picha ya Kijapani, ukurasa wa kalenda ya zamani: kijiji cha milimani wakati wa baridi, mapaa yamefunikwa na theluji, mtu mmoja mwenye mwavuli anavuka daraja. Hippolyte aliipenda kifundi. Ilikuwa chapa ya ubao, na mchongaji hakupaka theluji hata tone. Alikata mbao tu; pale alipokata wino haukufika, na karatasi ikabaki nyeupe.

Kamanda Fiacre, mtawala wa mwezi ule, alikuja kuchukua muhuri wake akaiona, akasimama mdomo wazi. Hakuna takataka, hakuna moshi, hakuna anayelalamika. Jumamosi wageni wangeshuka na ndege kuamua kama anastahili kiti kwenye mazungumzo ya amani, naye akataka kila mmoja wao apewe picha ya Bunia iliyochongwa namna ile.

Hippolyte alikubali, kofia mkononi, kwa ombi moja: kibali cha njia kwa mkewe Alphonsine. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na kabila lake ndilo lililokuwa halitakiwi mwezi huo. Alijificha katika nyumba yao wawili, nyuma ya soko, na kule majirani walikuwa wameanza kuchukuliwa. Muhuri wa kibali Hippolyte angeuchonga hata amefumba macho, lakini kwenye vizuizi vya barabara ya Mambasa, njia ya kutoka mjini, askari walingoja Fiacre mwenyewe awataje wasafiri kwa redio. Fiacre akasema hilo ni jambo dogo sana, lingoje Jumamosi.

Ubao wa kwanza ulikuwa wa kweli mno. Fiacre aliona nyumba zilizoungua, akasema zinaleta huzuni. Hippolyte akazikata. Kesho yake aliona wanawake wamebeba magodoro kichwani, akauliza wanakimbia nini wakati yeye yupo. Nao wakakatwa. Kisha wakaondoka askari wake mwenyewe, kwa kuwa walivaa kandambili. Bunia ilizidi kuwa nyeupe, na kamanda alizidi kufurahi.

Ijumaa aliweka kidole nyuma ya soko. Mtaa huo una watu wabaya, alisema, uondoke wote. Paa la Hippolyte mwenyewe lilikuwa pale, dogo kama ukucha. Akajiambia kwamba huu ni ubao tu, na mke ni mke. Akakata.

Jumamosi wageni walipendezwa mno na picha. Brigitte, bingwa wa amani aliyeongoza msafara, alisema hajaona mji uliotulia hivyo, akaandika katika daftari lake na kuomba nakala ya pili. Fiacre alipata kiti chake kabla ya chakula cha mchana.

Alasiri Hippolyte aliingia ofisini kudai ahadi. Kamanda alikuwa mkunjufu. Alichukua karatasi, akafungua kalamu.

“Muke yako iko kartiye gani?”

“Nyuma ya soko, Komanda. Kwetu siye.”

Fiacre aliitandaza picha mezani, akatafuta kwa kidole polepole, kwa uaminifu wote wa karani mzuri. Kidole kikafika penye weupe, kikasimama.

“Hapa hakuna nyumba, hakuna mutu. Wazungu wameona, wameandika. Weye unataka wajue niliwadanganya?”

Akafunga kalamu.

Hippolyte aliinama juu ya karatasi akitafuta hata ncha ya paa lake. Hakuipata. Alikuwa fundi hodari, na alikuwa amekata vizuri.