Sarafu ya Mdomoni

Asubuhi ile nilikuwa natoa nta kwenye kinara cha pili. Nta ya zamani ikishaingia kwenye mikunjo ya majani yaliyochongwa haitoki hivi hivi. Unamwagia maji moto, unangoja, halafu unachokoa kwa kijiti, maana chuma kitakwaruza shaba. Kilikuwa kizuri, kina kwato za mbuzi chini na majani yanapanda mpaka pa kuchomekea mshumaa. Pacha wake alikuwa juu ya meza, anawaka dhahabu. Baba alimmaliza jana yake.

"Usimkodolee macho, ataona haya," Baba akasema. "Mmefanana, wote hamna maneno."

Hunitania hivyo kwa sababu sisemi mbele ya watu. Karakana yetu iko uani, hapa Paris, mtaa wa Saint-Antoine. Tangu wapangaji wa juu walalamikie moshi, dohani imezibwa. Siku hizi dhahabu inapakwa kwa umeme, hata Baba hufanya hivyo. Ila Bibi Tardivel, muuza vitu vya kale, alitaka vinara vyake vipakwe kama zamani: unasaga dhahabu na zebaki mpaka iwe uji, unapaka, kisha unachoma mpaka zebaki yote ipae ibaki dhahabu. Hiyo inayopaa ndiyo inayoua watu. Njia hiyo imepigwa marufuku.

"Hakuna mwingine anayeiweza, Bwana Guilloux," alimwambia. Baba akayameza maneno hayo kama keki.

Asubuhi hiyo mdomoni Baba alikuwa na sarafu ya dhahabu ya marehemu babu. Wapaka dhahabu wa zamani ndivyo walivyojikinga. Walisema zebaki inapenda dhahabu, kwa hiyo ikikuingia mdomoni itaishia kwenye sarafu. Akaitema ili anywe kahawa. Ilikuwa nyeupe kama kijiko.

"Baba, imekuwa nyeupe."

"Ndiyo kazi yake. Imekunywa yenyewe, mimi sijanywa."

"Na pua?"

"Pua imefanya nini?"

"Si unapumulia pua, Baba."

Akacheka. "Leo umeongea kweli. Nenda shule kabla hujaishiwa."

Alipoinua kikombe, kahawa ikamwagika mezani. Akakishika kwa mikono miwili. Huyu ni mtu anayechonga mishipa ya jani kwa patasi nyembamba kama sindano. Nikaangalia jani la kinara alilolirekebisha jana yake. Mshipa mmoja ulikuwa umetoka nje ya jani.

"Mkono wako, Baba."

"Baridi tu."

Hakukuwa na baridi.

"Basi ukianza ufungue dirisha."

"Ili wa juu wasikie harufu, waniitie polisi? Bibi anakuja jioni. Nani ananunua kiatu kimoja, Perrine? Hebu nenda."

Akairudisha sarafu mdomoni. Nilipofika uani nikasikia anafunga mlango kwa ufunguo.

Darasani hakuna kilichoniingia. Wakati wa mapumziko nikampigia Baba simu, ikaita mpaka ikakatika. Nikarudia, hivyo hivyo. Nikampigia Bibi Tardivel, mimi ambaye hata mkate dukani naomba kwa kidole.

"Bibi, mwambie Baba aache."

"Perrine? Kumbe una sauti. Nimeongea naye sasa hivi, mpenzi, keshawasha moto. Hivi baba yako amelewa? Anaongea kama amejaza mkate mdomoni. Kaniuliza mara tatu mimi ni nani."

"Baba hanywi, Bibi. Nenda ukamfungulie."

"Niko Lyon, mwanangu. Treni yangu ni ya mchana."

Nilikuwa nimeshatoka getini, mwalimu ananiita nyuma. Nikaandika huku nakimbia: Baba, zima moto. Fungua dirisha, wa juu waache waseme. Nakuja.

Ujumbe ukaenda. Nikafika kituo cha treni, nikatazama simu. Nikashuka ngazi, nikatazama tena. Alikuwa hajausoma.