Winchi ya Mlango wa Gereji

Ikupa aliacha sufuria motoni, akasogea kwenye kidirisha cha jiko kusikiliza. Nje, baba mkwe wake, mzee Asukile, fundi wa misheni, alikuwa akibishana na dereva Anania juu ya winchi ya kupandishia mlango wa gereji.

"Mzee, hii imechoka. Mwanao Fanueli yuko Iringa, tumpigie simu arudi na mpya."

"Mpya ya nini? Limevunjika jino moja tu, na nimeshalichomelea. Wewe ukiumwa jino, tukununulie kichwa kipya?"

Anania alicheka mpaka akakohoa, kisha akaenda bohari kutafuta grisi.

Ikupa hakucheka. Kutoka pale dirishani aliuona waya wa chuma unapopita juu ya roda, kigurudumu cha kuuongoza, juu kabisa karibu na paa, mahali ambapo mtu aliyesimama mlangoni hapaoni. Nyuzi zake zilikuwa zimekatika na kusimama hovyo kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Winchi ingeweza kutengenezwa. Waya ule ulikuwa umekwisha. Na mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nzito za mninga.

Lakini angemwambiaje? Tangu aolewe na Fanueli, hakuwahi kumtazama mzee yule usoni wala kusema neno mbele yake. Ndiyo heshima ya Wanyakyusa kwa baba mkwe: mkamwana akimwona njiani hujificha majanini, na mzee naye hujitenga upesi asimwaibishe. Chuo cha ualimu kilimfundisha mengi, ila hilo hakikuligusa. Maneno yake yote kwa mzee yalipitia kwa mama mkwe, Damari, na Damari alikuwa ameteremka sokoni.

Winchi ikaanza kulia. Mlango ukapanda taratibu. Ikupa aliona uzi mmoja wa waya ukifyatuka, na mwingine ukaufuata. Mzee Asukile alifunga komeo la winchi, akarudi nyuma akiitazama kazi yake, ameridhika.

Ikupa alitoka mbio hadi uani.

"Baba!" Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilifika. "Baba, waya!"

Mzee alishtuka. Sauti ya mkamwana! Akafanya kama alivyofanya siku zote: akainamisha kichwa, akampa mgongo, akakimbilia mahali pa karibu pa kujisitiri. Ndani ya gereji.

"Si huko, baba! Si huko!"

Waya ukakatika. Mlango ukashuka wote kwa kishindo.

Ikupa alipofika, mguu wa mzee ulikuwa umebanwa chini ya mbao, na nafasi iliyobaki ilikuwa nyembamba kama kiganja. Alilala kifudifudi akachungulia. Mzee alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake.

"Mwanangu," alisema kwa shida, "usiniangalie. Mwite Anania."

Ikupa akafumba macho. Aliita, lakini bohari ilikuwa mbali na upepo ulikuwa ukivuma kutoka huko. Akashika mbao kwa mikono miwili, akanyanyua hadi mabega yakatetemeka. Mlango haukusogea. Alitaka kukimbia kumtafuta Anania. Mzee akaguna, na miguu ya Ikupa ikakataa kumwacha.

Basi akaingiza vidole vyake chini ya mlango, kando ya ule mguu, angalau uzito uwaelemee wote wawili. Akiwa bado amefumba macho, akaendelea kuita.