Mashua Iliyopigiwa Kura

Mwenye mume anayependa kujitolea na asikie ya Clotilda, mke wa Leodegar muuza duka wa Kariakoo.

Miaka ile ya Ujamaa mwenye duka alikuwa hakosi kuitwa mnyonyaji, hata kama duka lenyewe ni chumvi na viberiti. Leodegar akaona dawa ni kujitolea. Mtaro ukichimbwa, yumo. Gwaride likipita, yumo. Basi tawi la chama lilipopewa mashua ya marehemu Sadalla, iliyolala uani kwake mtaa wa Mchafukoge miaka minane kuku wakitagia ndani, jina la kwanza kwenye orodha lilikuwa lake. Naye ni mtu wa Kilimanjaro. Maji mengi aliyowahi kuingia ni ya mfereji wa migombani.

Kila Jumapili walikutana watu ishirini wa mtaa, na fundi mmoja tu, Bushiri. Akawaonyesha kubadili mbao zilizooza, kisha kukalafati, yaani kushindilia pamba yenye mafuta ya nazi katika kila mwanya. Clotilda naye alishindilia, mpaka ugali wake ukanuka nazi wiki nzima.

Kazi ilipokwisha Bushiri akasema, "Sasa tuizamishe maji ya magotini siku tatu. Mbao zimekauka hizi. Lazima zinywe, zivimbe, ndipo zibane."

"Mgeni wetu wa mkoa anakuja kesho," akasema Ndugu Eliasi, katibu. "Tupige kura. Wanaoona mashua iko tayari?"

Mikono ikanyooka. Clotilda akamtazama fundi, akatazama majirani, akaogopa mumewe asije akaambiwa mkewe anapinga maendeleo. Akanyoosha wake.

"Ishirini kwa mmoja. Fundi, umeshindwa kihalali."

"Mimi nimeshindwa," akasema Bushiri. "Mbao hazina kadi ya chama. Leodegar, wewe hujui kuogelea, usipande."

"Nitapanda, fundi. Mgeni anione."

"Haya. Ukishapanda, kaa. Usisimame hata kidogo."

Kesho yake wakaikokota hadi pwani kwa mikokoteni miwili. Eliasi akataka wafanye mazoezi kwanza. Wakapanda sita, wakiimba, wakapiga makasia. Walipofika kwenye kina, maji yakaanza kuingia katika kila mwanya, wimbo ukafifia. Watano wakajitosa, wakaogelea. Wa sita akabaki amekaa, mikono magotini, maji kifuani, kama anayesubiri zamu ya kinyozi.

"Baba Severa, toka!" Clotilda akapiga kelele.

"Fundi kasema nisisimame!"

Clotilda akaingia baharini na kitenge chake. Maji yalipomfika kiunoni akashindwa kwenda mbele. "Fundi, na mimi nilinyoosha mkono!" akalia. Bushiri alikwisha kumpita, anaogelea. Kichwa cha Leodegar kilipotea mara mbili kabla hajakamatwa ukosi wa shati.

Akalazwa mchangani, akatapika maji, akalala macho yamefumba hata Clotilda akaanza kusali. Kisha akafumbua jicho moja.

"Mama Severa, mgeni ameniona?"

Clotilda akatazama barabarani. Gari la mgeni lilikuwa halijafika.

"Amekuona. Kafurahi sana, kaondoka. Twende nyumbani."

Akamwinua, akamsukuma mbele yake kwa haraka, akizungumza kwa sauti kubwa juu ya chai na tangawizi, maana nyuma yao Ndugu Eliasi alikwisha simama ukingoni, anauliza nani atajitolea kuizamia mashua.