Mazoezi Yaliyotoka Daftarini

Msafishaji wa ukumbi wa karate alikamua dekio mara tatu, akalianika dirishani, akakausha mikono, kisha akapanda kwenye mikeka. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi, na wanafunzi wangefika saa mbili na nusu. Hapo katikati, kila siku ya kazi kwa miaka sita, alifanya mazoezi peke yake, na akimaliza alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akaandika: "Jumanne. Ngumi mia mbili. Teke la mbele mara themanini, kumi na moja mabovu. Goti la kulia linalalamika. Nimeanguka mara moja, kwa kiuno."

Alikuwa na miaka hamsini na minne na hakuwa na muda wa kujidanganya. Teke likienda kombo, aliliandika hivyo hivyo, kombo.

Baadhi ya siku mwalimu wa karate alifika mapema. Alisimama mlangoni, akatazama kidogo, akasema, "Kiwiko, mama," au "Shusha bega," kisha akaenda zake. Kwa maneno hayo mawili mawili alikuwa amemfundisha kila alichokijua.

Madaftari yaliyojaa aliyaweka nyumbani, kwenye kabati la nguo. Mwaka wa sita kabati lilianza kufunguka lenyewe. Binti yake, muuguzi aliyelala mchana baada ya zamu, alikuja jikoni akijisugua paja.

"Mama, daftari lako limenipiga teke."

"Lipi?"

"Lile la jalada la bluu."

"Ah, huo ndio mwaka niliojifunza teke la pembeni. Ukilifungua, kaa mbali kidogo."

Binti alikata mpira wa ndani wa baiskeli, akayafunga yote pamoja, akarudi kulala.

Mwezi ule ilikuja barua. Akifikisha miaka hamsini na mitano, yaani miezi miwili baadaye, kazi yake ingeisha na angerudisha ufunguo wa ukumbi. Aliisoma mara mbili. Kisha akavaa suti ya karate aliyojishonea kutokana na mapazia ya zamani ya ukumbi, akabeba madaftari kwapani, akapanda ngazi kwenda ofisini, ambako watahini watatu walikuwa wamekaa na katibu na mwalimu.

"Nimekuja kujiandikisha kwa mtihani wa mkanda mweusi," alisema.

Katibu alipitisha kidole kwenye rejista. "Jina lako halimo humu."

"Sijawahi kuandikwa."

"Basi hujawahi kufanya mazoezi." Alisema bila ubaya, kama mtu anayekwambia basi limeshaondoka. Akamgeukia mwalimu. "Huyu unamfahamu kama mwanafunzi?"

Mwalimu alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Namfahamu kama mfanyakazi wa usafi."

Neno hilo lilimwingia msafishaji mahali ambapo hakuna ngumi iliyowahi kufika. Alifungua ule mpira, akaweka madaftari mezani.

"Kumbukumbu za mtu binafsi si ushahidi, mama," katibu alisema.

"Sawa, bwana katibu. Lakini fungua. Ila sogeza kikombe."

Katibu alifungua na hakusogeza kikombe. Ngumi ya kwanza ilitoka kinyonge, ikatikisa karatasi moja, ikaishia hewani. Zikafuata nyingine tisa. Katibu alisoma mstari: "Siku ya kwanza. Ngumi kumi, zote za kitoto." Zilikuwa kumi, na zilikuwa za kitoto. Kwenye ukurasa wa tatu kikombe kilikwenda.

Watahini walipekua kanuni, hawakuona inayokataza. Wakavua makoti, wakaanza kuhesabu.

Kazi hiyo ilichukua siku nne. Mpiga chapa wa ofisi alishusha mashine yake sakafuni, akaendelea na barua zake huku mateke yakipita juu ya kichwa chake kwa sauti ya shuka linalokung'utwa. Palipoandikwa "nimeanguka", kishindo kilisikika chini na wote waliinua miguu. Wiki ya kifundo kilichoteguka, mateke yalitoka yakichechemea. Siku moja ilitoka ngumi moja tu, polepole, ikaenda hadi dirishani, ikakaa pale kidogo kabla ya kutoka nje. Katibu alisoma: "Ngumi moja. Mama alizikwa jana." Alivua miwani, akaifuta, akaandika: moja.

Daftari la mwisho liling'oa mlango. Mtahini mkubwa alipiga mstari chini ya hesabu yake.

"Jumla inalingana," alisema. "Hata mabovu yanalingana. Tangu nianze kazi hii sijaona mwanafunzi anayehesabu mabovu yake. Shuka ukumbini, mama, tukuone."

Walimwona. Suti ya mapazia ilipasuka kwapani kwa teke la kwanza, na yeye hakujali. Alikwenda mbele, akageuka, akarudi, na kila alipopiga, vioo vya madirisha aliyoyafuta kwa miaka sita viliitika. Mwalimu, kwa mazoea, alifungua mdomo kusema "Kiwiko". Kiwiko kilikuwa mahali pake. Akaufunga. Msafishaji alitoa ukelele wa mwisho uliosikika hadi barabara ya pili, na binti yake, aliyekuja na sare ya kazini, akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Mtahini mkubwa alimfunga mkanda mweusi kwa mikono yake mwenyewe.

Katibu alieleza kwamba mkanda ni halali, ila jina haliwezi kuingia kwenye rejista, kwa kuwa rejista ni ya wanafunzi na yeye ni mfanyakazi, na barua ya kazi inabaki kama ilivyo. Mwalimu alimpa mkono. "Hongera, mama," alisema. La kwamba alimfundisha, hakulisema siku hiyo wala baadaye.

Jumatatu msafishaji alipiga deki korido akiwa na mkanda juu ya aproni. Wanafunzi waliingia na, kama adabu ya ukumbi inavyotaka, kila mmoja alimwinamia mwenye mkanda wa juu. Kisha, kama kawaida yao, wakakanyaga sakafu mbichi na viatu.

"Rudini," alisema, wala hakupaza sauti.

Walirudi mlangoni, wakavua, wakavipanga ukutani.

Mwalimu aliingia wa mwisho. Alipofika kizingitini, msafishaji alimtazama miguu. Mwalimu naye akajitazama miguu. Akainama kufungua kamba, na kwa kuwa zilikuwa na fundo, aliinama muda mrefu. Msafishaji alimsubiri amalize, ndipo akampisha.