Mwisho wa Filamu ya Wacheyenne

Mume wangu Evodius alinipata kwa uongo, na sijawahi kuacha kumsema. Enzi hizo Bukoba alikuwa akitafsiri filamu kwenye banda la video. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akawasemea watu wote, hata farasi.

Humo ndimo nilimoiona filamu ya mpima ardhi aliyepotea kwenye ukungu na gari lake, akaokotwa na Wacheyenne, wenyeji wa asili wa Amerika, ambao kabila lao lilikuwa limejificha zaidi ya miaka mia katika bonde lisilokuwa kwenye ramani yoyote. Mkanda ulikuwa umeliwa na deki. Ulikatika pale mpima ardhi anapopanda farasi, basi Evodius akajimalizia mwenyewe: yule bwana alibaki, akamwoa mwanamke aliyemuuguza, wakazeekea bondeni. Nililia sana. Mwaka haukuisha, tukafunga ndoa.

Nilipofika Sweden niliiona filamu nzima. Yule bwana anaondoka, wala harudi. Miaka kumi na mitano nimemtania Evodius kwamba alinioa kwa mwisho wa kubuni, naye hucheka tu.

Jumapili ile hakucheka. Kesho yake, katika hospitali ya Flemingsberg, madaktari wangemtoa uvimbe kooni, na sauti ingekwenda nao. Binti yetu Daisy ana miaka kumi na tisa. Baba yake humsemesha Kiswahili, yeye hujibu Kiswidi. Hakuwahi kumsikia akifanya kazi yake ile. Evodius aliomba jambo moja tu: amsimulie Daisy filamu ile kabla ya Jumatatu.

Tulianza saa nane mchana. Nje, mtaa wetu wote wa Akalla ulikuwa ukifunikwa na theluji. Kwenye televisheni nako theluji ilikuwa ikianguka, na baada ya muda sikujua tena ipi ni yetu. Evodius alishika mwiko wangu wa ugali kama kipaza sauti. Sauti ilikwaruza, lakini ilikuwa yake. Mzee wa Wacheyenne aliposema, nilisikia harufu ya kahawa ya kutafuna na joto la mabati ya bandani. Daisy aliweka simu chini. Alicheka palepale tulipokuwa tukicheka sisi. Jengo la mbele likapotea taratibu katika weupe, nikahisi nikifungua mlango wa roshani nitasikia farasi wakipumua.

Mpima ardhi akapanda farasi. Evodius akafungua mdomo, sauti haikutoka. Akajaribu tena. Kisha akaulaza mwiko mapajani, akatazama chini. Kwenye televisheni yule bwana alikuwa akitoka bondeni, na nyayo za farasi zikijaa theluji.

"Kommer han tillbaka?" Daisy aliuliza. Alitaka kujua kama atarudi, na macho yake yalikuwa kwa baba yake, si kwenye filamu.

Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Nikauchukua mwiko, mimi niliyemsema kwa uongo ule miaka yote.

"Msimwone anaondoka," nilisema, kwa sauti ya bandani. "Anakwenda kuchukua mizigo yake tu. Mkewe amemwekea chakula. Hata akirudi hawezi kusema neno, atamjua kwa hatua zake mlangoni."

Evodius alinishika mkono, akaukaza. Majina ya waigizaji yalikuwa yameshaanza kupanda.

"Endelea, Mama," Daisy alisema, kwa Kiswahili.

Nikaendelea.