Mmarekani Aliyekuja Tokomaru

Mwaka 1957 binamu yangu Rēweti Pohatu alikuwa Mmaori wa kwanza kupiga rokenroli katika kumbi kubwa za Auckland. Meneja wake, Mzungu aitwaye Dunstan, aliamini watu hawatatoka majumbani kumtazama Mmaori. Akamtangaza kuwa ni Rex Laredo wa Texas. Mimi mpiga dramu nikafanywa Mmeksiko, nikakatazwa kufungua mdomo.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka ziara ilipofika Tokomaru, kwetu, ambako asiye mjomba wa Rēweti ni shangazi yake.

Walijipanga nje ya ukumbi kutulaki. Mbele alisimama Mama Hūria, mama yake mzazi. Bango la Rex Laredo alishaliona. Akagusanisha pua na Rēweti kama afanyavyo kwa mgeni yeyote, kisha akampima kwa macho.

"Karibu, Bwana Laredo. Mama yako huko Texas hajambo?"

Dunstan alikuwa hatua mbili tu kutoka kwao. "Hajambo," Rēweti akajibu.

"Unamwandikia?"

"Mara mojamoja."

"Mara ya mwisho lini?"

"Krismasi ya mwaka juzi."

Mama Hūria akawageukia wenzake. "Mmesikia? Na sura yake ya mtu aliyelelewa."

Mashangazi wakaguna. Mjomba Hāmiora akampa pole kwa kuzaliwa mbali.

Mezani wakaleta kina, wale viumbe wa baharini wenye miiba. Rēweti akawapasua, akawafyonza saba bila kupumua.

"Kula polepole," Dunstan akamnong'oneza. "Watakushtukia."

Rēweti akamfuata mama yake jikoni. "Mama, ni mimi."

"Mwanangu ana jina lake," akasema, akiendelea kusuuza sahani. "Wewe ni mgeni. Wageni hawaingii jikoni."

Akatoka amenywea. "Hivi kweli kanikana?" akaniuliza. Dunstan alikuwa anatutazama, nami Mmeksiko, nikanyamaza.

Alasiri ukumbi ulifurika. Rēweti alipanda jukwaani, akashika maikrofoni. "Mimi si Rex. Ni Rēweti, mtoto wa Hūria."

Kisha mjomba Hāmiora akasema kutoka nyuma, "Sisi tumekuja kumwona Mmarekani."

"Mwacheni apige," akasema Mama Hūria. "Huyu naye si mbaya."

Akapiga, akaimba Kimaori, na mama yake ndiye aliyeanza kucheza. Dunstan aliondoka na basi bila kutuaga. Tukakaa wiki tatu, tukipiga kila Jumamosi, na mpaka tunaondoka shangazi Mereana alikuwa bado analalamika kwamba kijana yule wa Texas alifukuzwa bila hata kuimba wimbo mmoja.