Nani Kaiosha Ndege?

Wegesa alisukuma geti la gereji yake pale Bomani, akasimama hapo hapo na mkono bado uko kwenye kitasa. Ndege ilikuwa inang'aa. Inang'aa kama sufuria ya bibi harusi, kuanzia puani mpaka mkiani, na harufu ya petroli na rangi mbichi imejaa uani.

"Ee Mungu wangu!" Halafu akapiga kelele mpaka wenye maduka ya jirani wakachungulia. "Nani kaiosha ndege? Nauliza, nani kaja kunioshea ndege yangu nikiwa sipo?"

Sasa msimwone kichaa. Najua, mtu wa kawaida akikuta kitu chake kimeoshwa anasema ahsante. Lakini ndege hii haikutakiwa kuwa safi. Uchafu wake ndio uliokuwa kazi yenyewe, na ilimchukua Wegesa miezi ya kukohoa masizi na kusugua vidole mpaka vikachubuka. Na kesho yake, Siku ya Mashujaa, ndege hiyo ilikuwa inaenda kusimama uwanjani mbele ya mgeni rasmi.

Ulikuwa mfano wa ndege ya kivita ya wakati wa Vita vya Kagera, mkubwa kama pikapu, pua ina tundu la kumeza hewa na mabawa yamelazwa nyuma. Mifupa yake ni mabomba ya chuma aliyoyachomelea Masanja, Msukuma mmoja wa Nyangoto ambaye siku zote kazi yake ni kuunga mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Ngozi ni bati la alumini, limepigwa ribiti moja moja. Rangi ni ya Wegesa. Huyu mama amepaka rangi mabasi na malori tangu mumewe afariki na kumwachia kompresa na madeni ya watu wasiojulikana, na miaka yote hiyo kazi yake ni kukifanya kilichochakaa kionekane kipya. Safari hii aliambiwa afanye kinyume: akifanye kipya kionekane kimetoka vitani.

Aliyetaka hivyo ni baba yake, mzee Kisyeri. Tarime ukitupa jiwe litampata mwanajeshi mstaafu, na likimkosa litampata mwanawe, kwa hiyo kuwa mstaafu si habari. Lakini mzee Kisyeri alikuwa fundi wa ndege. Yeye na wenzake ndio waliokuwa wanaipokea ndege ikitua, wanaijaza mafuta na risasi, wanaipiga kofi ubavuni, inaruka tena. Na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumsimulia bintiye neno moja la vita. Angemsimulia mtoto wa kiume, labda, kama Mungu angempa. Ilipoanza kazi ya ndege ndipo mdomo ulipofunguka.

Na ulipofunguka, jamani, haukufungwa! "Moshi hauendi hivyo, Wegesa. Upepo unauvuta nyuma. Unataka kuniambia ndege ilikuwa inapiga risasi huku imepaki?" Wegesa anafuta, anawasha tena koroboi, anakusanya masizi kwenye kigae, anayapaka kwa pamba kuanzia mdomo wa bunduki kurudi nyuma. Ili rangi ionekane imebanduka, alinyunyiza chumvi ya mawe kwenye bati lililolowa, akapuliza rangi juu yake, ikikauka anaisugua chumvi inatoka na kipande cha rangi. Mafuta yaliyovuja aliyatengeneza kwa oili chafu ya lori iliyozimuliwa na petroli. Vumbi jekundu la tumboni alilichanganya na vanishi. Na pale fundi anapokanyaga akipanda bawani, mzee alivaa buti lake mwenyewe akakanyaga, akakanyaga, mpaka rangi ikalainika. Siku hiyo alicheka. Wegesa hakumbuki mara ya mwisho kumwona baba yake akicheka hivyo.

Ilikuwa mchana mmoja, Wegesa akivuta doa la oili kwa brashi, ndipo mzee alipomtaja Stanslaus.

Huyu alikuwa mwenzake, mtu wa Ringwani, upande wa Serengeti. Walilala chini ya bawa moja. Siku moja ndege ilirudi ubavu mmoja mweusi tititi, na amri ikaja: mkubwa anakuja kukagua, iosheni. Stanslaus akasema haoshi. "Ndege imetoka kupigana," alisema, "aione hivyo hivyo. Anayetaka ndege safi akaiangalie kwenye kalenda." Wakamwamrisha, akagoma. Basi alitokea mwingine akaiosha, mkubwa akaja akakuta inang'aa, akafurahi. Stanslaus akavuliwa cheo mbele ya wenzake wote, akarudishwa nyumbani bila nishani wala shukrani, kama mwizi wa kuku. Tangu hapo analima mahindi na mihogo yake Ringwani, na Siku ya Mashujaa ikifika hata jina lake halisomwi.

Wegesa alikasirika kwa niaba yake. Mtu amepigana, amekesha na ndege, halafu anafukuzwa kwa sababu ya masizi! Masizi! Hakuuliza zaidi. Alitafuta namba ya mkwe wa mzee Stanslaus, akatuma maneno: baba, mwaka huu njoo. Ndege itasimama mbele ya mkubwa na moshi wake, kama ulivyotaka. Mzee alikataa, akakataa tena, halafu akajibu kwamba sawa, hiyo atakuja kuiona kabla hajafa.

Na sasa ndege ilikuwa inang'aa, na mzee wa watu yuko njiani.

Wegesa hakuwa na haja ya kupiga ramli. Alimjua adui yake. Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi, Athanas, alikuwa amekuja wiki iliyopita, akaizunguka ndege ameziba pua utafikiri amepita machinjioni, akasema, "Mama Huruma, nzuri, lakini chafu. Mgeni rasmi hawezi kusimama mbele ya masizi. Ioshe." Huruma ni mtoto wake wa kwanza. Wegesa alimjibu kwamba akitaka kitu safi akasimamishe friji uwanjani. Waliachana vibaya.

Alitembea mpaka uwanjani na ovaroli lake. Akamkuta Athanas anasimamia upangaji wa viti.

"Umefurahi sasa?"

"Nimefurahi sana, Mama Huruma!" Athanas alinyoosha mikono yote miwili. "Nilipita pale mchana nikaiona. Nikasema, kumbe mama huyu ni msikivu, wanamsingizia tu."

"Usinichezee shere, Athanas. Nimeenda Nyangoto kurudisha mashine ya Masanja, wewe ukaona ndiyo nafasi. Ukaingia kwangu kama fisi!"

"Mimi?"

"Wewe na chokaa yako! Mmepaka chokaa mawe, mmepaka miti, mmepaka hata kisima. Mkiachwa mtapaka na ng'ombe!"

Waliokuwa wanapanga viti wakaangua kicheko. Athanas alitazama huku na huku, akashusha sauti.

"Hasira hasara, Mama Huruma. Sijagusa kitu chako. Nilipopita nilimkuta mzee wako mwenyewe amepanda juu ya ndoo, ana stilwaya mkononi, anasugua. Nikampa shikamoo, hata hakuitikia. Kazi ilikuwa imemkolea."

"Mwongo."

"Kamuulize."

Wegesa aligeuka akashika njia ya nyumbani. Wanasema kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani anategemea kukikuta kwenye nguo ya baba yake?

Alimkuta mzee Kisyeri nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, ametumbukiza mikono kwenye beseni la maji na sabuni ya unga. Kucha zake zilikuwa na rangi ya fedha.

"Tata, kwa nini?"

"Kesho anakuja mkubwa," alisema mzee bila kuinua macho.

"Nani hajui kwamba anakuja? Si ndiyo maana tukafanya kazi yote hii?"

"Ndege ikikaguliwa inaoshwa. Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo!" Wegesa alijipiga mapajani. "Wewe si ndiye uliyenisumbua na moshi? Moshi hauendi hivyo, Wegesa! Upepo unauvuta nyuma, Wegesa! Nimevuta koroboi mpaka nakohoa weusi, leo unaniambia ndivyo ilivyo? Kama ulitaka ndege ya kung'aa ungesema siku ya kwanza. Ningeipaka kwa siku moja nikalale!"

Mzee alikuwa anasugua kucha zake.

"Na mzee Stanslaus? Nitamwambia nini mimi?"

Hapo mikono ikatulia majini. "Stanslaus haji," alisema. "Tangu lini akaja?"

"Amesema anakuja."

"Haji."

Wegesa akaingia ndani, akatoka na koroboi inayowaka na kigae. Moshi mbichi ungefutika kwa kidole, alijua hilo, na oili isingekauka mpaka kesho. Lakini afadhali uchafu wa kufutika kuliko huo mng'ao wa aibu. Alikuwa hajafika hata mlangoni mwa gereji mzee aliposimama na fimbo yake.

"Wegesa. Ukiigusa hiyo ndege, siku yangu ikifika usinizike."

Kuna maneno ambayo kwa Wakurya hayatamkwi kwa mzaha, na mtoto akiyasikia hayapiti tu sikioni. Wegesa alisimama, koroboi inamwunguza vidole. Halafu akaizima, akaiweka chini, akalia. Hakulia kwa huzuni, mtu asimsingizie. Alilia kwa hasira, maana alikuwa na mikono ya kurekebisha na hakuruhusiwa kuinyanyua.

Alipiga simu Ringwani. Mkwe akamwambia mzee alishaondoka na lori la mahindi, kavaa koti lake la harusi.

Asubuhi uwanja ulijaa. Ndege iliwekwa juu ya jukwaa la mbao, mbele ya turubai la wakubwa, na jua lilipoipiga watu wakafumba macho. Mgeni rasmi alichelewa kama ilivyo ada ya wageni rasmi, na watoto wa shule waliokuwa wamepangwa juani wakaanza kuanguka mmoja mmoja wakapelekwa kivulini. Hilo halikumsumbua yeyote kwenye kamati. Bora mawe yalikuwa meupe.

Alipofika, mgeni rasmi alikwenda moja kwa moja kwenye ndege. Akatoa leso nyeupe, akaipitisha ubavuni, akaiinua juu watu waione.

"Haina hata vumbi!" alisema kwenye kipaza sauti, na makofi yakalipuka. "Vijana, jifunzeni hapa! Hivi ndivyo mashujaa wetu walivyotunza mali ya umma. Mzee wangu, ilikuwa inang'aa hivi hivi?"

Mzee Kisyeri alikuwa amesimama kando ya jukwaa na nishani zake kifuani, kakakamaa, mkono wa saluti kwenye paji la uso.

"Hivi hivi, mheshimiwa!"

Uongo huo, tena kwa sauti ya gwaride! Wegesa aligeuka ili asimwone baba yake, na alipogeuka akamwona mzee mmoja mrefu anapenya katikati ya watu, koti jeusi limempauka mabegani, fimbo mkononi. Hakuna aliyempisha. Hakuna aliyemjua. Alifika kwenye kamba, akainama akapita chini yake, mgambo akataka kumzuia, Wegesa akamsukuma mgambo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wewe ndiye Wegesa?"

"Ndiye mimi. Baba, nisamehe. Ilikuwepo yote, moshi, mafuta, hata alama za buti. Niliipaka yote kama nilivyokuahidi. Jana tu…"

"Najua, mwanangu. Wewe uliniita kwa moyo safi."

Alisema hivyo lakini macho yake yalikuwa kwenye ndege. Aliizunguka taratibu mpaka ule ubavu uliotakiwa kuwa mweusi. Alisimama hapo, akajiona mwenyewe kwenye bati, mzee mwenye koti la harusi, pua imevutwa na mpindo wake. Halafu akaenda akasimama mbele ya mzee Kisyeri, karibu kabisa, kama watu waliowahi kulala chini ya bawa moja. Mzee Kisyeri hakushusha saluti. Midomo tu ndiyo ilikuwa inacheza.

"Mura," alisema mzee Stanslaus, kama vijana wa Kikurya wanavyoitana, wala hakupandisha sauti, "umeiosha tena."

Wegesa alilisikia hilo neno "tena". Kumbe yule mwingine aliyeiosha kule vitani alikuwa na jina. Kumbe nishani alizokuwa aking'arisha kwa brasso tangu utotoni, akizionea fahari mbele ya wenzake, zilinunuliwa kwa ndoo ya maji na sabuni. Alimtazama baba yake amkane huyu mtu, aseme si kweli, amkaripie hata. Mzee Kisyeri aliendelea kupiga saluti, machozi yanamshuka mpaka kwenye kola, na bado hakuuteremsha mkono kwa sababu mkubwa alikuwa hajaondoka.

Basi Wegesa akamshika mzee Stanslaus mkono, akamwinulia kamba, wakatoka uwanjani pamoja. Nyuma yao mgeni rasmi alikuwa bado anamsifu baba yake kwa usafi.